Jenomu ya Kirusi Itangazwe, Jenomu ya Mtu Ihifadhiwe



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, tarehe 25 Julai 2024 serikali ya Burundi ilitangaza kuwa imethibitisha wagonjwa wa kwanza wa mpox nchini. Tarehe 13 Agosti, Africa CDC, taasisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, ilitangaza dharura barani, na kesho yake Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Wengi wetu tunakumbuka hofu ya siku zile. Wachache walijua kwamba nyuma ya matangazo hayo kulikuwa na kazi ya maabara iitwayo kusoma jenomu.

Somo letu la leo ni kazi hiyo. Jenomu zinazosomwa katika tiba ni za aina mbili: jenomu ya kiumbe kinacholeta ugonjwa, na jenomu ya mtu mwenyewe. Hukumu zake hazifanani. Ukizichanganya, utaficha kinachopaswa kutangazwa na utatangaza kinachopaswa kusitiriwa.

JENOMU NI NINI?

Kila chenye uhai kina maelekezo ya kukijenga, yaliyoandikwa kwa kemikali iitwayo DNA. Herufi zake ni nne tu: A, C, G na T. Maelekezo yote kwa jumla ndiyo jenomu, na kipande chenye kazi maalumu huitwa jeni. Kirusi cha mpox kina herufi zipatazo 197,000. Mwanadamu ana herufi zipatazo bilioni 3, nusu moja ya urithi wake ikitoka kwa baba na nusu kwa mama. Mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu ya binadamu ulianza mwaka 1990 na ukatangazwa kukamilika 2003. Sehemu ngumu zilizobaki zilimalizwa karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2022.

Qur'ani (41:53) inatufahamisha kuwa Allah atawaonyesha watu ishara zake katika pande za ulimwengu na katika nafsi zao. Kwa hiyo Muislamu haogopi kusoma. Anachouliza ni: tukishasoma, nini kinatuwajibikia?

KIRUSI: ELIMU YA KUTANGAZWA

Mwishoni mwa 2023 mpox ilienea Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini, ng'ambo ya Ruzizi na si mbali nasi. Watafiti waliposoma jenomu za virusi vya wagonjwa waligundua mambo mawili.

Kwanza, kirusi kilikuwa na mabadiliko ya herufi yanayoachwa na kimeng'enya cha kinga ya mwili wa binadamu. Maana yake ni kwamba ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu hadi mtu kwa mgusano wa karibu. Haukuwa tena ugonjwa wa kila mgonjwa kuambukizwa na mnyama wa porini. Ushauri wa kuepuka nyama ya porini peke yake usingetosha.

Pili, kipande cha jenomu kilikuwa kimekatika, nacho ndicho kilichokuwa kikitafutwa na kipimo kimojawapo cha kutambua kundi la kwanza la mpox. Kipimo hicho kingeweza kumkosa mgonjwa wa tawi hili jipya, lililokuja kuitwa Ib. Bila kusoma jenomu, maabara ingesema hapana wakati jibu ni ndiyo.

Ugonjwa ulipovuka mpaka, usomaji huohuo ulionyesha kwamba kirusi kilichofika Burundi ni cha tawi hilo la Ib. Ndani ya wiki chache Rwanda, Uganda na Kenya nazo zilithibitisha wagonjwa wao wa kwanza. Kila nchi iliyofuata ilinufaika na walichosoma waliotangulia.

Malaria inatoa mfano wa pili. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa nchini Rwanda wamekuta vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalodhoofisha kazi ya dawa za artemisinini. Baadaye badiliko hilo lilionekana pia mkoani Kagera, Tanzania, ambako nasi tunapakana. Mbu hana pasipoti. Nchi ikificha habari kama hii, jirani ataendelea kumpa mtoto dawa inayopoteza nguvu.

Hapa tukumbuke Hadithi ya tauni aliyoisimulia Abdurrahman bin Awf (r.a.) wakati Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham. Mafunzo yake ni kwamba tusiingie katika ardhi tuliyosikia ina tauni, wala tusitoke humo kwa kuikimbia. Zingatia neno kusikia. Mtu hawezi kuitekeleza amri hii kama waliojua wamenyamaza. Kwa hiyo kutangaza habari za ugonjwa ni sehemu ya kutii.

Atasema msemaji: lakini anayetangaza huadhibiwa. Kweli, Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana walitoa taarifa ya aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na mara nchi nyingi zikafunga safari kutoka kusini mwa Afrika. Ilikuwa dhulma. Lakini dhulma ya wengine haituhalalishii kunyamaza, kwa sababu wa kwanza kufa kwa ukimya ni watu wetu. Kinachotakiwa ni sera inayosema wazi: anayetoa elimu asiadhibiwe, na awe miongoni mwa wa kwanza kupata chanjo na dawa zitokanazo nayo.

MTU: SIRI YA KUHIFADHIWA

Sasa tugeuke upande wa pili. Chukua selimundu, ambayo hospitalini kwetu tunaisikia kwa jina la drepanositozi. Ugonjwa huu unatokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya himoglobini: penye A pamekuwa T. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja huitwa AS. Kwa kawaida yeye si mgonjwa, bali ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo lililoelezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ni SS, naye ndiye mgonjwa. Mume AS na mke AS wakizaa, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kupata mtoto mgonjwa.

Hili si jambo la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa nchini Uganda, uliochapishwa 2016, ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa ni AS. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Sasa tazama yanayotokea majumbani. Mtoto anaumwa mara kwa mara, na mama anaambiwa ameleta damu mbaya. Sayansi inasema hapana: mtoto hawi SS ila baba na mama wote wamempa. Anayemtaliki mkewe kwa sababu hiyo amemlaumu kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwake yeye.

Mtume (s.a.w.) alikwisha kutufundisha adabu ya jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja wa Banu Fazara alimjia akieleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, kama anayemshuku. Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu, lakini wamo pia wa rangi ya kijivu. Alipoulizwa hao wametoka wapi, akasema huenda ni asili ya zamani imewavuta. Mtume (s.a.w.) akamwonyesha kuwa huenda na mwanawe ni hivyohivyo. Humo mna mafunzo mawili: urithi unaweza kujificha vizazi kadhaa kisha ukajitokeza, na urithi haufanywi silaha ya kuvunjia heshima ya mke. Kwa msingi huo, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lililokutana Makka Januari 2002, lilizuia kutegemea kipimo cha DNA kukanusha nasaba.

SIRI YA MMOJA NI SIRI YA UKOO

Rekodi ya jenomu haifanani na rekodi nyingine za hospitali. Ukivunjika mguu, picha yake inakuhusu wewe. Jenomu yako inamhusu pia mama yako, ndugu zako na watoto ambao hujawazaa. Ikivuja, huwezi kuibadilisha kama nywila.

Mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya 23andMe, inayowapima watu DNA kwa mate, ilivamiwa na wezi wa data. Akaunti zilizofunguliwa zilikuwa kama 14,000. Lakini kwa kuwa huduma ile iliwaunganisha watu na jamaa zao, habari zilizochukuliwa ziligusa watu wapatao milioni 6.9. Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na wateja wakabaki wakiuliza data zao zitakuwa mikononi mwa nani.

Ndiyo maana fiqhi imeliweka jambo hili chini ya amana. Qur'ani (4:58) inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na (49:12) inakataza kupelelezana. Mwaka 2013 mjini Riyadh, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilitoa azimio juu ya urithi na jenomu ya binadamu: elimu hii inaruhusiwa kwa manufaa ya tiba, kwa masharti, yakiwemo ridhaa ya mwenyewe na kutunza siri. Sheria za nchi nazo zinaelekea huko. Kenya (2019) na Tanzania (2022) zimetunga sheria za kulinda data binafsi, zikizihesabu data za jeni kuwa nyeti. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, unaogusa ulinzi wa data, ulianza kufanya kazi Juni 2023.

Kumbuka pia kuwa sampuli ya mgonjwa wa mpox ina mambo mawili ndani yake. Jenomu ya kirusi ni ya kutangazwa. Jina la mgonjwa, mtaa wake na DNA yake ni vya kusitiriwa. Anayesambaza kwenye simu jina la mgonjwa wa Buyenzi au Kamenge hajatoa tahadhari, bali amefichua siri ya ndugu yake.

ELIMU NA UBUNIFU: FARDHI KIFAYA

Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba ya selimundu inayohariri jeni, iitwayo Casgevy. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika, lakini tiba iko mbali nao. Wakati huohuo Waafrika ni sehemu ndogo sana ya watu ambao jenomu zao zimechunguzwa katika tafiti kubwa za magonjwa, na dawa hutengenezwa kwa kuwatazama waliochunguzwa.

Mpango wa H3Africa, ulioendeshwa kwa takriban miaka kumi hadi 2022, ulionyesha kuwa watafiti wa Afrika wanaweza kuongoza kazi hii wenyewe. Wanachuoni wetu walieleza zamani kuwa utabibu ni fardhi kifaya: wasipopatikana wa kuutekeleza, jamii nzima ina dhambi. Leo biolojia ya jeni, takwimu, programu za kompyuta na sheria ya data vimeingia katika utabibu. Basi kaka na dada mnaosoma fani hizo katika vyuo vya Bujumbura, msidhani mko mbali na dini. Nasi tunaosoma sharia tusitoe hukumu za jambo tusilolielewa.

La kufanya sasa ni jepesi. Anayekusudia kuoa au kuolewa apime himoglobini kabla ya posa, si baada ya mahari kutolewa na wageni kualikwa. Saudi Arabia imelifanya sharti tangu 2004, na hata majibu yakiwa si mazuri, wawili hao hawazuiwi kuoana. Wanajulishwa, kisha wanaamua. Majibu wayajue wao na daktari. Na anayeombwa sampuli kwa utafiti aulize: itatumika kwa nini, itahifadhiwa wapi, nani ataiona, na nikibadili nia nifanyeje?

MASWALI YA HALAKA

1. Kwa nini jenomu ya kirusi na jenomu ya mtu hazina hukumu moja?
2. Mtu akiridhia kutoa jenomu yake lakini ndugu zake hawataki, haki ya nani itangulie?
3. Rafiki yako amekwambia kuwa yeye ni AS. Mchumba wake naye ni rafiki yako, na hajui. Amana inakutaka ufanye nini?

Allah atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, na atusitiri duniani na akhera. Wabillahi tawfiq.