Sampuli ya Tezi Dume: Uliza Habari ya Ganzi Mapema

Kipimo cha damu cha PSA kimepanda, na daktari anataka kuchukua sampuli za tezi dume. Kwa wazee wengi wa Thika na Ruiru, kinachofukuza usingizi hapo ni sindano yenyewe na mahali inapopitia. Iwe umepangiwa hospitali ya Thika Level 5 au umepewa rufaa ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta (KUTRRH), maumivu hayo yana dawa, na una haki ya kuidai.

1. Uliza siku unapopewa tarehe. Ukishalala kitandani umechelewa. Sema wazi: "Daktari, nitapewa ganzi ya aina gani?" Kama ni usingizi, utaambiwa saa za kufunga kula, na utahitaji mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa sababu siku hiyo huendeshi gari.

2. Jua maumivu yanatoka wapi. Ni mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni la kifaa cha altrasaundi kinapoingizwa kwenye njia ya haja kubwa. Jeli ya lignokaini hulipunguza, mradi iachwe dakika kadhaa ifanye kazi. La pili ni la sindano inayochukua vinyama, kwa kawaida 10 hadi 12. Hapo jeli peke yake haitoshi. Daktari huchoma lignokaini, mara nyingi mililita 10 hivi, kandokando ya tezi inakopita mishipa ya fahamu. Njia hii ilielezwa kwenye jarida la kitabibu tangu 1996, na dawa ni ileile ya kung'olea jino, kwa hiyo si anasa ya hospitali za matajiri. Hospitali nyingine hupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Huko ngozi yenyewe nayo lazima ipigwe ganzi.

3. Usijikaze. Wanaume wengi wa Kiambu walilelewa wakiambiwa kwamba siku ya kutahiriwa hata kope haichezi. Hapa mambo ni tofauti kabisa. Mgonjwa anayebana misuli hufanya kifaa kiingie kwa shida, na anayeruka ghafla anaharibu kazi ya daktari. Ukisikia uchungu mkali, sema "ngoja" na uombe ganzi iongezwe. Daktari mzuri atasimama.

4. Taja kila dawa unayotumia. Hasa aspirini, wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hata vidonge vya mitishamba. Usiziache kwa uamuzi wako. Daktari wako ndiye aseme. Kama uliwahi kudhurika na ganzi kwa daktari wa meno, litaje pia, na umeze antibayotiki ulizoandikiwa kwa saa uliyoambiwa.

5. Ujiandae kwa mlio. Sindano hufyatuka kwa sauti kama steplaa. Mwombe daktari afyatue mara moja hewani kabla hajaanza, ili masikio yazoee. Kisha vuta pumzi taratibu. Shughuli nzima huchukua kama dakika 10 hadi 20.

6. Kurudi nyumbani. Nenda na mtu, hata kama hukupewa usingizi. Chagua kiti cha matatu au gari, uachane na bodaboda siku hizo za kwanza. Panadol huwatosha wengi. Diklofenaki na Brufen usizinunue kabla ya kumuuliza daktari, maana zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Damu kidogo kwenye mkojo au choo kwa siku chache ni kawaida, na kwenye shahawa inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa.

7. Usingoje kliniki ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitetemeka kwa baridi, mkojo ukikataa kutoka au damu ikitoka kwa mabonge. Nenda kitengo cha dharura kilicho karibu nawe, hata kama ni usiku wa manane, na useme mara moja kwamba umetoka kuchukuliwa sampuli ya tezi dume.