Habari Inayoweza Kudhuru

Mtu mashuhuri ajiuapo, habari zake hufika Wete, Chake Chake na Mkoani kabla ya jua kuchwa, na barazani hurudiwa usiku kucha. Je, zafanya kazi gani mioyoni mwa wasikiao?

Uchunguzi watujibu. Mwezi uliofuata kifo cha Marilyn Monroe, mwaka 1962, watu waliojiua katika Marekani waliongezeka kwa asilimia 12 hivi. Robin Williams alipokufa mwaka 2014, waliongezeka tena kwa asilimia 10 hivi katika miezi iliyofuata. Aliyelemewa na huzuni hujifananisha na yule mashuhuri, akadhani kwamba njia ni ile ile.

Lakini neno liwezalo kudhuru laweza pia kuokoa. Mjini Vienna, mwaka 1987, magazeti yaliacha kuvitangaza kwa kishindo vifo vya waliojiua kwenye reli ya chini ya ardhi. Vifo hivyo vikapungua sana.

Basi, enyi wazazi, tusiisimulie namna ya kifo wala tusikipambe. Tumwulize mwenye huzuni hali yake, tumsikilize, tumfikishe kwa tabibu. Kumwuliza si kumpa wazo la kujiua. Ni kumfungulia mlango wa kusema.