Gunia la Mbolea Lisitupwe: Somo la Barabara ya Matope

Ndugu na dada wa vikundi, mvua ndefu zikianza sote tunajua lori la majani litakwama wapi. Ni pale pale bondeni, kila mwaka. Majani mabichi yakilala kituoni yanapata joto, yanageuka rangi, na kiwandani hayapokelewi. Jasho la siku nzima limekwenda bure. Na mama mwenye uchungu wa kuzaa hupitishwa njia hiyo hiyo.

Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi. Ukikauka ni kama tofali, ukilowa ni uji. Tunamwaga changarawe juu, nayo inazama, kwani gurudumu likikanyaga udongo wa chini hukimbilia pembeni. Hakuna kinachoushika.

Sasa tazameni gunia la mbolea ya chai. Limefumwa kwa nyuzi za plastiki, ndiyo maana halioi upesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini magunia haya bado yamejaa nyumbani, na wengine wetu tunayachoma, moshi mbaya ule watoto wakiuvuta. Huko Japani kuna njia iitwayo donou, yaani kufunga udongo ndani ya gunia. Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianzisha shirika la CORE mwaka 2007, nalo limefundisha njia hii kwa vikundi vya wakulima hapa Kenya.

Ombeni ruhusa kwanza katika ofisi ya wadi. Halafu maji: chimbeni mitaro kando ya barabara. Bila mtaro msianze, mtachoka bure. Ondoeni matope mpaka mfike udongo mgumu. Jazeni magunia maramu au mchanga wenye kokoto, sio matope yale yale mliyotoa. Pimeni kwa ndoo moja ili yalingane, na yasijae pomoni. Acheni nafasi, fungeni mdomo kwa kamba. Yapangeni yakibanana, kisha shindilieni kwa gogo zito hadi yawe bapa, unene kama sentimita 10. Hapa ndipo siri ilipo: gunia likibanwa linanyooka na kuukaza udongo uliomo, na uzito wa lori unalikaza zaidi. Pangeni safu ya pili juu, kila gunia likae juu ya maungio ya chini.

Mwisho funikeni kwa maramu na kushindilia tena. Msione uvivu hapa! Jua hulimaliza gunia, likapukutika vipande vipande hadi mtoni. Kila maramu ikiliwa na mvua, ongezeni.

Wengine wameuliza juu ya kukatakata chupa za plastiki na kuchanganya na udongo. Wataalamu wamelijaribu jambo hilo, na vipande hushika udongo kama nyasi katika ukuta wa matope. Lakini kipimo kinataka maabara. Vikizidi, udongo unadhoofika. Kwa kikundi cha majembe na makoleo, gunia linatosha.

Kwa mkutano ujao: kila nyumba ihesabu magunia mazima iliyo nayo. Je, sehemu yenu mbaya ina hatua ngapi? Maji yake yanatoka shamba la nani, na nani ataenda kuzungumza naye?