Viungo Viumavyo Visikae Bure

Mwezi huu twataka kujifunza habari za maradhi ya viungo yadumuyo miaka mingi, ambayo watu wetu huyaita baridi yabisi. Swali letu ni hili: Mtu aliyeshikwa na maradhi haya, je, yampasa kuacha mbio, baisikeli, mpira na ngoma, akae kitako maisha yake yote? Wengi hujibu, Ndiyo. Sisi twajibu, Sivyo. Na sababu zetu ni hizi.

Kwanza tulitazame jina lenyewe. Lina maneno mawili, nalo la kwanza limewapoteza watu. Wakisikia "baridi" hudhani ya kuwa maradhi yameletwa na umande au upepo, basi hujifunika blanketi na kuota moto. Kweli, siku za baridi wengine huona maumivu yamezidi, lakini si baridi iliyoyaleta. Neno la pili ndilo lenye mafunzo: yabisi, maana yake kukauka na kukakamaa. Huyu ndiye adui, naye hupata nguvu kwa mtu asiyejongea.

Maradhi haya yana namna nyingi, tutaje mbili. Ya kwanza ni kulika kwa gegedu, yaani ile ngozi laini na nyororo ifunikayo ncha za mifupa mahali ikutanapo. Hiyo huwapata zaidi watu wazima na wazee, katika magoti, nyonga na vidole. Ya pili ni ile ambayo askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka wakaushambulia utando wa ndani wa viungo. Viungo huvimba, mara nyingi mikono yote miwili pamoja, na asubuhi hukakamaa hata saa nzima. Hiyo huwapata vijana pia, na wanawake kuliko wanaume.

Basi, kujongea kwafaa nini? Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kikibanwa na kuachiliwa, kama sifongo ndani ya maji. Tena misuli ndiyo ishikayo kiungo kiwe imara. Mtu akikaa kwa kuogopa maumivu, misuli hudhoofu. Ikidhoofu, maumivu huzidi. Yakizidi, yeye hukaa tena. Hivyo wengi wamepoteza nguvu za miguu yao, si kwa maradhi tu, bali kwa woga.

Zamani matabibu wenyewe waliwaamuru wagonjwa kulala kitandani majuma mengi. Lakini huko Uholanzi jambo hili lilipimwa kwa watu 309 wenye namna ile ya pili, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Sehemu yao walifanya mazoezi ya nguvu mara 2 kwa juma, dakika 75 kila mara, wakiendesha baisikeli na kucheza michezo, muda wa miaka 2. Hao waliziweza kazi zao za kila siku kuliko wale waliotibiwa kwa desturi tu. Ila matabibu walionya kwamba mtu ambaye viungo vyake vikubwa vimekwisha kuharibika sana asivitwishe mazoezi mazito.

Onyo hilo latufundisha kuchagua mchezo, wala si kuacha mchezo. Kristin Armstrong wa Marekani alikuwa mtu wa mashindano ya kuogelea, baisikeli na mbio kwa pamoja. Mwaka 2001 alionekana ana maradhi ya gegedu katika nyonga zote mbili. Akaacha mashindano ya mbio, akashika baisikeli, maana baisikeli huubeba uzito wa mwili, wala nyonga hazipigwi na ardhi. Akapata nishani ya dhahabu ya Olimpiki mara tatu: Beijing 2008, London 2012, na Rio de Janeiro 2016, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43. Naye Caroline Wozniacki wa Denmark, mchezaji wa tenisi, aliambiwa mwaka 2018 ya kuwa ana namna ile ya pili. Mwaka huohuo alishinda mashindano ya Beijing. Aliacha mwaka 2020, akazaa watoto wawili, akarudi uwanjani mwaka 2023.

Sisi hatutafuti nishani. Twatafuta kwenda shambani na kurudi kwa miguu yetu. Basi tushike haya:

1. Tumwendee tabibu mapema. Namna ya pili huharibu viungo upesi, na dawa za kuizuia zipo.

2. Tuanze kwa dakika chache za kutembea, tukiongeza polepole mpaka kufikia dakika 150 kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Maumivu yakizidi na kudumu zaidi ya saa 2 baada ya mazoezi, tumepita kiasi. Siku ya pili tupunguze.

4. Kiungo kilichovimba na kuwa na moto kipumzishwe siku hizo, ila kikunjwe na kunyoshwa taratibu.

5. Mwenye mwili mzito aupunguze. Kilo 1 ikipungua mwilini, goti hupunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua.

Neno la mwisho ni kwa jamaa za mgonjwa. Kumwambia bibi, "Kaa, usijisumbue, utaumia," ni maneno ya upendo, lakini yakisemwa kila siku humfunga kama kamba. Afadhali kumwambia, "Bibi, simama, twende pamoja mpaka kwa jirani," na kuulinganisha mwendo wetu na wake.

Maswali ya kujifunza: Kwa nini kiungo kisichojongea hudhoofu? Mwenye nyonga mbovu achague mchezo gani, na kwa sababu gani? Ni nani jirani yetu aliyeketishwa na woga, nasi tutamwendea lini?