Nikisambaza linki ya kamari, nitashtakiwa?

*Shikamoo wakili. Mimi ni kijana wa Kibokoni. Kampuni ya kamari ya ng'ambo hunilipa kamisheni kila mtu anapojisajili kwa linki ninayoweka kwenye status ya WhatsApp. Mjomba asema nitafungwa. Ni kweli?*
*Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Hofu ya mjomba ina msingi, lakini usikose usingizi. Huendeshi kamari, ila linki unayolipwa kwayo ni tangazo. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha ikakataza watu maarufu na washawishi wa mitandaoni kuyapigia debe. Agosti mwaka huo ikaja Sheria ya Udhibiti wa Kamari. Kinachokuponza zaidi ni kwamba kampuni iko ng'ambo. Kama haina leseni ya Kenya, hairuhusiwi kutangazwa hapa, na atakayepatikana kwa urahisi ni wewe.

Ondoa linki leo. Omba nambari ya leseni, uihakikishe kwa mdhibiti wa kamari mwenyewe, si kwa wakala wa kampuni. Hifadhi mkataba na taarifa za M-Pesa. Kamisheni ni mapato, yana kodi ya KRA. Na wale wa chini ya miaka 18 wanaoona status zako? Hao ndio wanaonitia wasiwasi hasa. Polisi wakikuita, usiandikishe taarifa kabla ya kuonana na wakili.