Chupa Isipasukie Ndani ya Friza

Joto likishika Kipawa, friza za majumbani hazipumziki. Maji ya kuuza kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, juisi ya ubuyu, barafu za ukwaju za watoto wa shule, vyote vinagandishwa humo. Chupa ikipasuka, lawama huangukia friza, kumbe kilichoipasua ni maji yenyewe.

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo husinyaa, lakini yakifika nyuzi 4 za Selsiasi hugeuka, yakaanza kutanuka. Yakiganda kwenye nyuzi 0, molekuli zake hujipanga kwa pembe sita na kuacha uwazi katikati, hivyo ujazo huongezeka kwa takriban asilimia 9. Lita moja itadai karibu lita 1.09, na isipopewa nafasi itaichukua kwa nguvu. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayopasua mabomba ya Ulaya wakati wa baridi kali.

Kwanza, chagua chombo. Plastiki huachia kidogo, kioo hakiachii, hata kikiwa kinene. Usigandishe kitu kwenye chupa ya kioo.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, acha wazi sehemu moja ya kumi. Chupa ya lita moja na nusu ipungue mililita 150, ya nusu lita ipungue 50. Shingo isikudanganye: ni nyembamba, na barafu ikiziba hapo, maji ya chini hayana pa kupandia. Maji yaishie kwenye mabega ya chupa.

Tatu, isimamishe wima, kifuniko kikiwa kimelegea. Kaza ikishaganda. Barafu za mifuko zifunge fundo juu kabisa, mfuko ubaki umelegea.

Soda na bia zisigandishwe kabisa. Barafu inapojijenga huifukuza gesi iliyomo kwenye kinywaji, presha ikapanda juu ya ile ya kutanuka. Ukitaka soda ya baridi upesi, itumbukize kwenye ndoo au deli la maji yenye vipande vya barafu. Maji hupoza haraka kuliko hewa ya friza.

Umeme ukikatika, usifungue friza ovyo. Ukirudi, legeza vifuniko vya chupa zilizoyeyuka kabla hazijaganda tena. Juisi iliyokwisha kupata joto usiigandishe upya.

Na ukikuta chupa ya kioo imepasuka na juisi yake, mwaga yote. Usichuje: chembe za kioo ni ndogo mno, na chujio la nyumbani haliwezi kuzikamata zote.