Ukumbi Uwe na Milango Mingapi? Nafasi ya Mwananchi katika Sheria za Usalama wa Matamasha

Sikukuu ya Idd el-Fitri, Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walifariki Tabora kwa kubanana na kukosa hewa kwenye ukumbi wa disko toto. Tangu hapo, sikukuu zikikaribia, polisi hukumbusha kuwa disko toto ni marufuku. Kupiga marufuku ni rahisi. Kazi ni kuandika kanuni inayosema ukumbi uchukue watu wangapi na uwe na milango mingapi ya kutokea.

Sisi wa Bagamoyo, mji wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) na tamasha lake la kila mwaka, jambo hili linatuhusu. Jumba la maonyesho la taasisi hiyo, wakati huo ikiitwa Chuo cha Sanaa, liliungua mwaka 2002. Lakini mimi naogopa zaidi viwanja vya muda: mabati yamezungushwa, geti ni hilohilo la kuingilia na kutokea, nyaya za jenereta zinakanyagwa gizani.

Ukitaka kanuni ya namna hiyo, usianzie bungeni Dodoma. Halmashauri ya Wilaya ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya sheria ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982. Rasimu hutangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi, hupitishwa na baraza la madiwani, kisha hupelekwa kwa waziri ili iidhinishwe. Tangazo lenyewe huweza kuwa karatasi tu kwenye ubao wa ofisi, usipopita hulioni. Kwa hiyo mkazi wa Dunda, Magomeni au Mapinga amwone diwani mapema, akiwa na muhtasari wa kikao cha wakazi kilichojadili usalama wa kumbi na viwanja.

Na ukiandika, achana na “usalama uimarishwe”. Maneno hayo hayamfungi mtu. Andika hivi: “Uwanja wenye uzio hautapewa kibali bila milango miwili ya kutokea, kila mmoja ukiwa na msimamizi muda wote wa onyesho.”

Hoja ikifika bungeni, muswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwenye kamati, nayo hualika wadau kutoa maoni. Muda ni mfupi, na kwa hati ya dharura ni mfupi zaidi. Taja namba ya kifungu, maneno yaliyopo na unayoyataka, kisha mpe nakala mbunge wako, maana yeye ndiye anayeweza kuwasilisha jedwali la marekebisho.

Uvumilivu unahitajika. Figen Murray wa Uingereza alimpoteza mwanawe Martyn katika shambulio la Manchester Arena, Mei 2017, lililoua watu 22. Alihangaika na wabunge na mawaziri hadi sheria ya kulinda kumbi ikapita Aprili 2025.

Huku ukisubiri, tumia iliyopo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inaliruhusu jeshi hilo kukagua majengo. Kabla ya kukata tiketi, muulize mwandaaji kama Zimamoto wamefika na mlango wa pili uko wapi. Moto ukitokea, piga 114.